Muulize Daktari: Mzee anaposahau njia ya nyumbani

Mwezi huu nimeziweka kando barua za magoti na za vidonda vya tumbo. Tangu nilipogusia hapa kwamba kusahau kupita kiasi si sehemu ya uzee, mhariri ananiletea ujumbe juu ya jambo hilo hilo tu. Barua nimezifupisha, majina nimeyaondoa, na pale mwandishi alipoomba nimebadilisha mji.

Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 74, ni mstaafu wa reli. Mwaka mzima sasa anauliza jambo lile lile mara nne kabla chai haijapoa. Alimfukuza dada wa kazi akidai kamwibia pensheni, na hela tukazikuta ndani ya debe la unga. Mwezi uliopita alitoka msikitini akapotea, akarudishwa na kijana wa bodaboda. Ana kisukari na presha. Shangazi zangu wanasema karogwa kwa sababu ya kiwanja, na wameshachanga hela ya mganga. Kaka yangu anasema ni uzee tu. Mimi nataka kumpeleka hospitali, ila sijui aonwe na daktari wa nini, wala huko watamfanya nini. — Binti, Tanga

Marahaba binti yangu. Wataalamu wa kazi hii wapo: madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, madaktari wa magonjwa ya akili, na wachache waliosomea tiba ya wazee. Wengi wako hospitali kubwa za rufaa. Usikae ukiwasubiri. Anza na daktari wa magonjwa ya ndani hospitali ya mkoa, au huyo huyo anayemwona kliniki ya kisukari. Kazi ya kwanza haitaki mashine. Inakutaka wewe.

Daktari anayeijua kazi hii atataka kuzungumza na mtu anayeishi na mzee, na atafanya hivyo pembeni, kwa sababu hakuna mzee anayestahili kusikia mtoto wake akihesabu aibu zake mbele ya mgeni. Mimi huuliza: lilianza lini, na lilianzaje? Kama mtu alikuwa mzima Ijumaa na Jumatatu hajui alipo, hiyo ni dharura, na sababu yake mara nyingi ni UTI, nimonia, malaria, kuishiwa maji, au chumvi ya damu kushuka kwa vidonge vya presha vya kukojoza. Huyo aletwe siku hiyo hiyo. Kama ni pole pole kama ulivyoeleza, nauliza: alianguka? Kwa mzee, damu inaweza kuvuja taratibu kati ya fuvu na ubongo wiki kadhaa baada ya kugonga kichwa kidogo tu ambako kila mtu amekusahau. Picha ya CT inaionyesha na daktari wa upasuaji anaitoa. Nauliza pia kama amefiwa, kama anakula, kama bado anacheka. Sonona kwa wazee hujivika sura ya usahaulifu, nayo inatibika.

Halafu naomba mfuko wa dawa. Sitaki orodha, nataka mfuko wenyewe, pamoja na za dukani na za kwa jirani. Piriton ya mafua inayomezwa kila usiku, amitriptilini aliyopewa kwa ajili ya miguu kuwaka moto: zote mbili huzuia kemikali ambayo ubongo huitumia kuweka kumbukumbu. Metformini ya kisukari ni dawa nzuri, lakini ikitumika miaka mingi huweza kushusha vitamini B12, na B12 ikipungua mtu husahau na kuyumba. Ninao wazee niliowaondolea kidonge kimoja tu cha usiku wakarudi kuijua siku ya juma.

Vipimo vya damu: sukari (ya kushuka pia, kwa wanaotumia insulini au glibenklamidi), figo, chumvi, tezi ya shingo, B12, VVU na kaswende. Usishtuke kuhusu hivyo viwili vya mwisho, wala usimkemee mhudumu wa maabara. Vyote huweza kufika kwenye ubongo, na mzee wa miaka 74 aliwahi kuwa kijana wa miaka 25 mwenye tiketi ya bure ya treni.

Kipimo chenyewe cha kumbukumbu nakupenda ukijue, kwa sababu kimetengenezwa kwetu. Vile vya Ulaya na Marekani humtaka mzee aandike sentensi na kunakili maumbo kwa kalamu. Bibi ambaye hakuwahi kukanyaga darasa atafeli hata akiwa na akili kali kuliko mimi. Watafiti wa Newcastle, Uingereza, na wenzao wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walitengeneza kipimo kifupi kisichohitaji kujua kusoma. Mzee anapewa maneno 10 kisha anaulizwa baadaye anayakumbuka mangapi. Anataja wanyama. Anaulizwa daraja ni nini, leo ni siku gani. Na badala ya kuchora, anapanga njiti za kiberiti kufuata mfano aliouona. Jumla ni alama 15. Nimewaona wazee waliokataa kalamu kwa hasira wakizishika njiti kwa tabasamu.

Baada ya yote hayo, kama hakuna kilichopatikana cha kurekebisha, ndipo tunasema demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaomla mtu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Kwa mwenye kisukari na presha, mishipa midogo ya ubongo huwa na mkono ndani yake, mara nyingi pamoja na ugonjwa wa Alzheimer, ile demensia inayoonekana kuliko zote. Presha na sukari zikishikwa vizuri tunapunguza kasi ya ule upande wa mishipa.

Kaka yako mwambie hivi. Mwaka 2010 huko Hai walipimwa wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea. Waliokuwa na demensia walikuwa takriban 6.4 katika kila 100. Maana yake zaidi ya 90 katika kila 100 walizeeka bila ugonjwa huu. Kama ni uzee, hao umewaruka vipi?

Shangazi ni kazi ngumu zaidi, na usiifanye kwa ubishi. Waambie tu: tunaanza hospitali, na dawa ya mganga isiingie tumboni mpaka majibu ya figo yatoke. Kinachonitisha mimi si mizizi. Mganga hamalizi kazi yake bila kumtaja mtu, na anayetajwa huwa bibi fulani asiye na wa kumtetea. Kanda ya Ziwa kwetu na Kilifi kwa jirani zetu wazee wameuawa kwa kutajwa namna hiyo, na sina shaka kwamba baadhi yao kosa lao lilikuwa kuongea peke yao usiku na kuingia nyumba isiyo yao, yaani walikuwa wagonjwa kama baba yako.

Mambo mawili kabla sijakuacha. Kama kuna hati ya kiwanja, mafao au wosia, yashughulikieni sasa, akiwa bado anaelewa anachosaini, mbele ya mwanasheria na ndugu wote. Na yule dada wa kazi: mtafuteni mumwombe radhi. Mzee alificha hela, akasahau kwamba kaficha, akili ikajaza pengo kwa jina la aliyekuwa karibu. Huo ni ugonjwa, lakini yeye ameondoka kwenu na jina la mwizi.

Daktari, naomba kutofautiana nawe. Bibi zetu walifika miaka 90 wakijua kila mjukuu kwa jina. Demensia ni ugonjwa wa Wazungu na vyakula vyao. — Msomaji wa miaka mingi, Morogoro

Bibi zako na wangu. Lakini tunawakumbuka waliofika. Aliyeanza kutangatanga akiwa na miaka 68 tulimwita jina lingine, au tulimfungia chumba cha uani.

Ni kweli kwamba kitabuni ugonjwa ulianzia Ujerumani. Mwaka 1901 mama mmoja wa miaka 51, Auguste Deter, alipelekwa hospitali ya Frankfurt akiwa anamshuku mumewe na kupotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Daktari Alois Alzheimer alimhoji na kuandika majibu yake neno kwa neno. Alipofariki 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini akakuta uchafu wa protini kati ya seli, na pia nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Mpaka leo hivyo viwili ndivyo tunavyovitafuta.

Ila katika maabara ya Alzheimer kule Munich, 1904 na 1905, alikuwepo pia Mwafrika. Solomon Carter Fuller alizaliwa Monrovia, Liberia, mwaka 1872, mjukuu wa watu waliokuwa watumwa Marekani. Alirudi Massachusetts akaendelea kuchunguza bongo za wagonjwa, na ndiye aliyeyaweka maandishi ya Alzheimer kwa Kiingereza. Vitabu nilivyosomea mimi havikumtaja hata kwa mstari mmoja, na hilo bado linaniudhi.

Kuna kitu kimoja nitakupa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, Wayoruba wazee wa Ibadan, Nigeria, walifananishwa na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Wa Ibadan walipata demensia kwa kiwango chini ya nusu ya wenzao. Presha, uzito na kolesteroli zao zilikuwa chini. Kwa hiyo kuhusu vyakula hujakosea sana, ndugu yangu. Shida ni kwamba vyakula hivyo sasa viko Msamvu, na chipsi mayai haiulizi mtu katoka bara gani. Mwaka 2021, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, kati ya watu milioni 57 wenye demensia duniani zaidi ya 60 katika kila 100 walikuwa nchi za kipato cha chini na cha kati.

Mume wangu ana miaka 79, hospitali walisema ni Alzheimer. Kila jua likizama anafunga nguo kwenye shuka aende nyumbani Tukuyu kwa mama yake. Mama mkwe alifariki 1988. Nikimwambia amekufa analia kama kaambiwa leo. Duka la dawa walinipa za usingizi, sasa analala mpaka saa sita mchana na ameshaanguka mara mbili. Mchungaji anasema nisimdanganye. — Mama Mbeya

Pole sana mama. Acha kumpa msiba kila jioni. Hulazimiki kusema kwamba mama yake yu hai, na hulazimiki kutangaza kifo. Muulize habari zake: alikuwa mkali? Alipika nini mkitoka shamba? Mzee akisema "nataka nyumbani" jioni, mara nyingi anachokitafuta ni utulivu, na kumwongelea mama humfikisha karibu na pale alipotaka kwenda. Mchungaji mwambie daktari kasema kuuliza swali si uongo.

Ule wakati wa jua kuzama ni mbaya kwa wengi wenye ugonjwa huu. Washa taa mapema kabla vivuli havijaingia. Tazama kama ana haja ndogo, njaa, jino, kiuno kinachouma. Asiyeweza kusema "naumwa" hufunga virago. Mchana mtembeze juani, asisinzie kwenye kiti mpaka alasiri. Akishikilia kuondoka, mfuate, zungukeni nyumba, mrudi kwa mlango mwingine.

Zile za usingizi, diazepamu na ndugu zake, humwongezea kuchanganyikiwa na ndizo zilizomwangusha. Usizikate ghafla kama ametumia wiki nyingi. Mwone daktari azipunguze taratibu. Na kama mtu atakupa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, "atulie," uliza mara mbili. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeagiza onyo kwamba dawa za kundi hilo zinaongeza vifo kwa wazee wenye demensia: tangu 2005 kwa zile mpya, na tangu 2008 kwa za zamani kama haloperidoli yenyewe. Mimi huziandika pale tu mgonjwa anapotaka kujidhuru au kumdhuru mtu, kwa dozi ndogo, na tarehe ya kuacha naiandika siku hiyo hiyo.

Kuna tiba isiyo ya kidonge ambayo imejaribiwa hapa hapa nchini. Ilianzia London, matokeo yake yakachapishwa 2003: kikundi kidogo cha wagonjwa hukutana mara mbili kwa wiki, vikao 14, wakiongozwa kuzungumza, kuimba, kushika vitu na kutoa maoni. Hakuna anayesahihishwa kwa kukosea. Wataalamu wa Hai waliigeuza ifuate maisha ya huko, na walioshiriki walipata nafuu katika kufikiri. Nyumbani kwako kikundi si lazima. Mpe maharage achambue, na yakitoka na mawe usiseme kitu, yachambue tena akilala. Imbeni nyimbo za kitabu chenu cha kanisa. Maneno ya nyimbo hubaki hata majina ya watoto yakipotea. Mwombe akufundishe jambo alilolijua: kufunga fundo, kuchagua mbegu.

Mwisho, umeandika juu yake mstari kwa mstari, juu yako hakuna hata mmoja. Una watoto wanne Mbeya hiyo hiyo, umeyataja mwenyewe majina yao. Kila mmoja achukue usiku mmoja kwa wiki, alale pale, wewe ulale chumba kingine. Usiwaombe. Wapangie.

Nina miaka 34, nasahau simu nilipoiweka na juzi nimesahau jina la bosi wa zamani. Je, imeanza? — Mwenye wasiwasi, Dar es Salaam

Hapana. Unalala saa ngapi? Ukisahau simu ni ya kazi gani, niandikie tena.

Baba yangu alipata demensia, babu pia. Mimi nina 51. Je, iko kwenye damu? Kuna kipimo? — Mwalimu, Mombasa

Mwalimu, kama wote wawili walianza baada ya miaka 70, jibu ni kwamba hatari yako iko juu kidogo ya wengine, basi. Kuna jeni, APOE4, linaloongeza uwezekano bila kuuhakikisha. Kulipima kwa mtu mzima asiye na dalili sipendekezi, kwani hakuna nitakachokwambia baada ya jibu ambacho nisingekwambia kabla.

Zile familia ambazo kweli iko kwenye damu ni chache mno, na iliyojulikana kuliko zote iko milimani Antioquia, Colombia. Daktari Francisco Lopera, mtu wa eneo hilo hilo, alianza miaka ya 1980 kuwafuata ndugu waliokuwa wakisahau wakiwa na miaka arobaini na kitu. Alipanda vijijini akakusanya ukoo baada ya ukoo mpaka wakafika watu elfu kadhaa, na 1995 kasoro ya jeni ikatambuliwa. Ndani ya ukoo huo alikuwamo mama mmoja, Aliria Piedrahita de Villegas, aliyekuwa na kasoro ile ile lakini hakuanza kusahau mpaka alipovuka miaka 70. Walipompiga picha ya ubongo wakakuta umejaa ule uchafu wa protini. Alikuwa na mabadiliko mengine ya jeni, adimu sana, yaliyomkinga. Habari zake zilichapishwa 2019, na sasa watafiti wanatafuta dawa ya kuiga kinga yake. Alifariki 2020, Lopera mwenyewe 2024. Huyo daktari namhusudu: alikaa na wagonjwa wale wale zaidi ya miaka thelathini.

Wewe una 51, umri ambao kazi inafaa kufanywa. Jopo la wataalamu lililokutanishwa na jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14 ambayo yakiondolewa yote yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu demensia 45 katika kila 100. Pima presha, sukari na kolesteroli, acha sigara, tembea. Na masikio! Walimu huzoea darasa la kelele na hawajui kwamba hawasikii.

Assalaam alaykum daktari. Nafanya kazi Muscat, mama yuko Chake Chake na dada yangu, ambaye yupo tu nyumbani. Ana miaka 81. Hanijui tena kwa simu, anaogeshwa na kulishwa. Nimesikia kuna sindano mpya ya Alzheimer. Niko tayari kuuza dhahabu yangu nimlete apate matibabu. Na je, Ramadhani afunge? Anang'ang'ania kufunga. — Mwana wa Pemba

Waalaykum salaam mwanangu. Usiuze dhahabu.

Sindano ipo, inaitwa lecanemab. FDA waliiidhinisha kikamilifu Julai 2023, na nyingine, donanemab, Julai 2024. Husafisha ule uchafu aliouona Alzheimer. Lecanemab ilijaribiwa kwa watu karibu 1,800 walio mwanzoni kabisa mwa ugonjwa, wanaojihudumia wenyewe. Baada ya miezi 18 waliopewa dawa walishuka pole pole kwa asilimia 27 kuliko wengine. Nyote mnaponitumia hiyo 27 mnaiandika kwa wino mwekundu. Kwa kipimo walichotumia, chenye alama 18, tofauti yenyewe haikufika hata nusu alama. Hakuna aliyepona. Wakati huo huo, takriban mmoja kati ya watano waliopewa dawa alionekana kwenye MRI akiwa na uvimbe au damu kidogo kwenye ubongo. Wengi hawakuhisi kitu, wachache waliumia vibaya. Katika jaribio hilo dawa iliingia kwa dripu kila wiki mbili, na bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka.

Nasema hivi nikiwaheshimu walioitengeneza. Baada ya miaka mingi ya majaribio yaliyoshindwa, hatimaye kuna kitu kinachosogeza mshale wa mizani, na wanaokuja baadaye huenda wakapata kubwa zaidi. Kwa mama yako, aliyekwishafika anapolishwa, haifai, na daktari mwaminifu wa Muscat atakwambia vile vile. Safari ya ndege peke yake na chumba kigeni vitamvuruga.

Dawa ya zamani, donepezili, iko sokoni tangu 1996 na bei yake si ya kutisha. Husaidia baadhi kwa kiasi. Daktari wa Pemba aangalie mapigo ya moyo kwanza, maana huyashusha, na ikipita miezi michache bila tofauti aiache.

Hela zako zina kazi kubwa zaidi. Macho yake yaangaliwe. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji mfupi, na asiyeona huchanganyikiwa maradufu. Masikio yasafishwe nta. Nunua godoro zuri, pampasi za watu wazima, kiti cha kuogea. Kisha mlipe dada yako. Umesema yeye "yupo tu nyumbani". Mtu anayemlisha, kumwogesha na kumgeuza mzee usiku hayupo tu. Mtumie mshahara kila mwezi kama ungemlipa mgeni, na hela ya kumpata mtu wa kumpokea siku mbili kwa wiki.

Kufunga: kiafya asifunge. Hakumbuki kama amekunywa maji, na mwili wa miaka 81 ukikauka kuchanganyikiwa kunazidi siku hiyo hiyo. Mkalisheni wakati wa futari mkekani pamoja nanyi, apate tende yake ya kwanza na watu, atahisi amefunga. La fidia muulizeni sheikh wenu, hilo si langu.